Kabari ya Lori la Mchanga

Kila asubuhi kabla ya kwenda shuleni, Raihana alimpelekea baba yake chai na maandazi gereji. Baba yake, fundi Mohamadi, hakuwa mtu wa kusubiri jua limpige usoni. Watoto wa mtaa wa Kanyosha walipokuwa bado wanatafuta viatu vyao chini ya vitanda, yeye mikono yake ilikuwa imeshajaa grisi mpaka viwikoni.

Gereji yenyewe ilikuwa banda la mabati kando ya njia ya udongo iliyoteremka kuelekea mtoni. Asubuhi hiyo ilikuwa na mgeni mkubwa: lori la kubebea mchanga, au kamyo kama wenyeji wanavyoliita, lililovutwa kwa kamba mpaka pale baada ya giaboksi kuharibika. Pua yake iliingizwa chini ya banda. Magurudumu ya nyuma yalibaki nje, juu ya udongo mwekundu, mahali mteremko unapoanzia. Giaboksi ilikuwa imekwisha kufunguliwa na kulazwa juu ya gunia, na breki ya mkono ilikuwa haishiki tena. Kilichozuia lori lisirudi nyuma ni kabari mbili za mti mgumu, moja nyuma ya kila gurudumu la nyuma. Fundi Sulemani, mshirika wa baba ambaye Raihana alimwita baba mdogo, ndiye aliyezigonga kwa nyundo hadi zikakaa.

Baba alikunywa chai akiwa amesimama. Alimweleza Raihana kwamba vipuri vikifika kutoka mtaa wa Buyenzi kabla ya mchana, ataingia chini ya lori na kurudisha giaboksi mahali pake. Kisha akaenda nyuma ya banda kunawa mikono. Sulemani naye alikuwa njiani akizungumza na mwenye lori.

Hapo ndipo Raihana alipokumbuka ahadi yake. Madamu Dévote, mwalimu wa sayansi, alikuwa ameagiza kila kundi lilete kipande cha mbao kilicholainishwa vizuri kwa ajili ya jaribio. Raihana ndiye aliyejitolea kuleta cha kundi lake. Jana rafiki yake Orlane alipomuuliza, alimjibu bila kupepesa macho kwamba mbao iko tayari ndani ya mkoba. Haikuwapo, wala hakuwa ameitafuta.

Akaitazama kabari ya gurudumu la kushoto, ile ya upande wa ukuta. Ilikuwa nzito, imerandwa vizuri, na nyuso zake zilikuwa laini kama meza. Karibu na ukuta palikuwa na rundo la matofali mabichi yaliyokuwa yakingoja kuchomwa. Raihana aliinama, akasukuma tofali moja nyuma ya gurudumu kando ya kabari, akalishindilia kwa kisigino, kisha akaichomoa kabari polepole huku pumzi ameibana. Lori halikutikisika. Alisubiri kidogo, bado limetulia. Akajisemea kwamba kama ni hivyo hakuna ubaya, atairudisha mchana na hakuna atakayejua. Akaitia kabari mkobani, akashika njia.

Darasani, Madamu Dévote aliegemeza ubao mrefu juu ya kiti ili ufanye mteremko. Alizipima kwa macho mbao zilizoletwa, akaichagua ile ya Raihana na kuwaonyesha wanafunzi wote. Alisema kwamba siku nyingi hajaona mbao iliyorandwa vizuri namna hiyo, akamsifu aliyeileta. Orlane alimpiga Raihana kiwiko cha furaha. Raihana alitabasamu, kisha akainamia daftari lake.

Madamu aliweka kabari juu ya mteremko, nayo ikakaa.

"Imetulia," alisema. "Je, haina nishati?"

Wengi walijibu kwamba haina, kwa sababu haiendi popote. Madamu akatikisa kichwa. Aliwaeleza kwamba kitu kilichowekwa mahali pa juu kina nishati hata kikiwa kimelala, na nishati hiyo inangoja tu. Kinachokizuia ni msuguano, yaani namna kitu kimoja kinavyokwama juu ya kingine. Kisha akachukua kikombe cha maji, akaumwagia ubao. Kabari iliteleza, mwanzo taratibu, kisha kwa kasi, ikaanguka sakafuni kwa kishindo kilichowafanya walio mbele waruke.

"Mmeona? Uzito ni uleule, ubao ni uleule. Maji yamepunguza msuguano, na nishati iliyokuwa inangoja imegeuka kuwa mwendo. Na kadiri kitu kinavyokuwa kizito, ndivyo ilivyo vigumu kukisimamisha kikishaanza kwenda."

Wakati huohuo kitu kiligonga bati juu yao. Kikagonga tena. Mvua ya kwanza tangu kiangazi iliteremka kwa mkupuo mmoja, na wanafunzi wakashangilia kwa sababu joto lilikuwa limewachosha.

Raihana hakushangilia. Akilini alikuwa anaona tofali bichi. Alijua vizuri tofali bichi likinyeshewa linakuwaje, maana kila mtoto wa Kanyosha amekwisha kuona ukuta wa udongo ukirudi kuwa tope. Halafu akaiona kabari moja iliyobaki, peke yake, juu ya udongo unaoteleza. Halafu akamwona baba amelala chali chini ya lori.

Alitaka kusema, akajizuia. Akisema, darasa zima litajua kwamba mbao iliyosifiwa ni ya wizi, na Orlane atajua kwamba jana alidanganywa. Na baba je? Pengine vipuri havijafika. Pengine mvua itakatika. Alijipa hizo pengine zote, na kila moja ilipomwishia, mvua ilikuwa imeongezeka. Mwishowe aliinuka bila kunyoosha mkono.

"Madamu, kabari hiyo nimeitoa kwenye lori. Baba yangu yuko chini yake."

Madamu Dévote alichukua simu yake, Raihana akamtajia namba ya baba. Ikaita mpaka ikakatika, kwa kuwa fundi Mohamadi akiwa kazini huiacha simu ndani ya sanduku la vifaa. Madamu akaikamata kabari, akalikabidhi darasa kwa mwalimu wa chumba cha pili, na wote wawili wakatoka mbio kwenye mvua.

Shule ilikuwa upande wa chini, hivyo iliwabidi kuupanda mteremko. Maji mekundu yaliteremka yakiwapiga vifundoni. Katikati ya njia, chini kidogo ya gereji, walikikuta kibanda cha Mama Candide, muuza nyanya. Watu walikuwa wamebanana ndani yake kujikinga na mvua, yeye mwenyewe akiwa na mjukuu mgongoni. Madamu Dévote alitazama juu kwenye gereji, akatazama chini kwenye kibanda, akaelewa.

"Wewe nenda kwa baba yako," alimwambia Raihana. "Usikaribie magurudumu. Mimi nawaondoa hawa."

Raihana alipanda huku akiteleza. Alianguka, akasimama, kiatu kimoja kikabaki kwenye tope. Alipofika karibu aliona ambacho alikuwa anaogopa kukiona: nyuma ya gurudumu la kushoto hapakuwa na tofali tena, ila uji mwekundu ukichuruzika. Kabari ya kulia ilikuwa inasukumwa nyuma kidogo kidogo, imechora mfereji kwenye udongo. Na chini ya banda, miguu ya baba yake ilichomoza ubavuni mwa lori.

Aliita. Kelele za mvua juu ya mabati ziliimeza sauti yake. Alizunguka kwa mbali, akipita kando ya ukuta, mpaka akafika mbele ya Sulemani aliyekuwa akichambua bolti.

"Baba mdogo, mtoe baba! Kamyo inaondoka!"

Sulemani hakungoja maelezo. Aliidaka miguu ya mwenzake, akamvuta kwa nguvu zake zote, na fundi Mohamadi akatoka akiburuzwa, spana ingali mkononi, uso umejaa hasira ya mtu asiyejua anafanyiwa nini. Kabla hajafungua kinywa, lori lilitoa mlio wa chuma na kuanza kurudi nyuma. Gurudumu la mbele lilipita mahali kifua chake kilipokuwa.

Vijana wawili waliokuwa njiani walikimbia wakitaka kulizuia kwa mikono. Kutoka chini Madamu Dévote aliwapigia kelele waliache, na wakaruka pembeni kwa wakati. Lori liliteremka, mwanzo kama linalosita, kisha kama limekumbuka safari. Lilikipitia kibanda cha Mama Candide, likakivunja na kuzitawanya nyanya zote, likaenda kujichimbia kwenye rundo la kokoto mbele ya nyumba iliyokuwa ikijengwa. Hapo likasimama, limeinama upande mmoja. Kibanda kilikuwa kitupu. Mama Candide alikuwa upande wa pili wa njia, amemkumbatia mjukuu wake.

Watu walikusanyika. Fundi Mohamadi alipopata pumzi, alimgeukia Sulemani.

"Nani aliweka kabari? Si wewe? Unataka kuniua na kuacha watoto wangu yatima?"

Sulemani alijitetea kwamba aliziweka zote mbili na kuzigonga. Lakini walipotazama waliona moja tu, imezama kwenye tope. Mwenye lori alisema kwa sauti kubwa kwamba fundi mzembe wa namna hiyo hafai kugusa gari la mtu tena. Sulemani akainamisha kichwa. Mtu aliyetoka kuokoa roho sasa alikuwa anaonekana muuaji.

Raihana alimtazama Madamu Dévote, aliyekuwa amefika na kabari mkononi. Mwalimu angeweza kusema. Alimwachia Raihana mwenyewe.

"Si yeye," Raihana alisema. Sauti ilitoka ndogo, akarudia. "Si yeye, Baba. Ni mimi niliyeitoa. Nikaweka tofali bichi."

Akaeleza yote mbele ya umati, tangu uongo aliomwambia Orlane. Fundi Mohamadi alimsikiliza mpaka mwisho. Mkono wake uliinuka, na Raihana akafumba macho, lakini mkono huo ulitua begani mwake na kubaki pale. Kisha baba alimwendea Sulemani, akamwomba msamaha kwa sauti ambayo kila mtu aliisikia, na mwenye lori naye akalazimika kufanya vivyo hivyo.

Adhabu ilikuja baadaye, nayo haikuwa ndogo. Kwa Jumamosi nyingi Raihana hakucheza. Alibeba miti, akakanda udongo, akashika misumari wakati baba na Sulemani wakimjengea Mama Candide kibanda kipya. Orlane alikaa siku kadhaa bila kumsemesha, kisha Jumamosi moja akatokea na ndoo, akaanza kumsaidia kuchota maji.

Siku walipomaliza kuezeka, fundi Mohamadi aliketi kando ya bintiye juu ya jiwe, akajifuta jasho.

"Madamu wako ameniambia somo lenu la siku ile," alisema. "Mimi sikulisoma shuleni, lakini nimefanya kazi na magari miaka mingi, na naona makosa yanakwenda vilevile. Kosa likiwa bado limesimama, neno moja la kweli linatosha kulizuia. Ungeniambia asubuhi ile, ningekukemea kidogo, nikakupa kipande cha mbao, ukaenda zako. Likishaanza kuteremka, mwanangu, halijali tena nani amelisukuma wala nani yuko njiani. Kwa hiyo sema mapema. Hata ukiogopa, sema huku unaogopa."