Maneno Ambayo Daktari Hakuyasema

Fundi cherehani alikuwa na tabia ya kuhesabu. Alihesabu vifungo kabla ya kuvishona. Alihesabu pini kabla ya kufunga kazi, isije ikabaki hata moja kwenye nguo ya mtu. Kwa hiyo asubuhi ile, alipokuwa akifuta vumbi kwenye rafu ya jikoni, alishika pakiti ya vidonge vya mumewe, na macho yake yakahesabu yenyewe.

Vidonge kumi na vinne. Jumatatu vilikuwa kumi na vinne. Leo ilikuwa Ijumaa.

Mumewe alikuwa seremala. Karakana yake ilikuwa uani, nyuma ya nyumba. Alikuwa na ugonjwa wa presha, na kwa miaka mitatu alimeza kidonge kimoja kila asubuhi baada ya chai.

"Baba Watoto!" mkewe aliita. "Hebu njoo."

"Nina gundi mikononi!"

"Njoo nayo."

Seremala akaja. Alipoiona ile pakiti, alitazama dari kama mtu anayekagua mbao.

"Siku nne hujameza dawa. Kwa nini?"

"Nilitaka kukwambia."

"Lini? Nikishakuwa mjane?"

"Usinikasirikie, mke wangu. Sikuamua mimi. Daktari mwenyewe ndiye aliyesema."

Alifuta mikono kwenye suruali, akatoa simu na kumwonyesha video. Ni kweli, alikuwa daktari wao wa kituo cha afya. Miwani ni ile ile. Sauti ni ile ile nzito, pamoja na kile kikohozi chake kidogo.

"Ndugu zangu," daktari alisema kwenye simu, "vidonge vya presha vinaharibu figo. Viacheni leo. Tumieni unga wangu wa majani. Kuna watu hawataki mjue siri hii. Watumieni ndugu zenu haraka kabla video haijafutwa."

Fundi aliitazama mara mbili. Moyoni alitamani iwe kweli. Nani hapendi kusikia kwamba mumewe amepona, hahitaji dawa tena?

"Na usidhani niliamini kama kipofu," seremala alisema. "Nilisikia kwamba picha zilizotengenezwa na mashine huwa na vidole sita. Nikasimamisha video, nikahesabu. Mkono wa kulia, vitano. Wa kushoto, vitano. Nikarudia."

"Na kichwa kinasemaje?"

"Kinauma kidogo tu."

"Na jana ulipokaa ghafla chini, ukaacha msumeno kwenye ubao?"

Mkewe aliona kwamba seremala alikuwa ameshika fremu ya mlango, na hakuwa ameishika kwa kuikagua.

"Vaa viatu," alimwambia. "Tunakwenda kituoni. Lakini kwanza tupite hapo kwa Mama Picha. Ni mlango wa pili tu."

Mama Picha alikuwa na studio ndogo. Alipiga picha za vitambulisho na za harusi. Zile za zamani zilizochanika alizirekebisha kwenye kompyuta. Hakwenda chuo. Alijifunza mwenyewe, polepole, kila mashine mpya ilipotoka.

"Karibuni, majirani. Shemeji, mbona umenuna? Unataka picha ya kitambulisho? Hiyo sura inafaa kabisa."

"Acha utani, shemeji. Tazama hii."

Mama Picha aliitazama video hadi mwisho. Kisha akauliza, "Shemeji, ulihakikishaje?"

"Nilihesabu vidole."

Mama Picha hakumcheka. "Ulifanya vizuri kutafuta dosari. Wengi hawafanyi hata hivyo. Lakini kipimo chako kimepitwa na wakati. Zamani mashine hizi, zinazoitwa akili bandia, zilikosea vidole. Siku hizi zimejifunza."

Akaigeuza simu kwa fundi. "Jirani, wewe ni mtu wa nguo. Litazame hilo koti."

Fundi akasogeza uso karibu. Alitazama kola, akatazama mshono wa bega. Halafu akashtuka.

"Vifungo! Mwanzoni viko upande wa kulia. Hapa anageuka, anarudi, na sasa viko kushoto. Na mfuko huu hauna mshono. Umekaa tu hewani."

"Umeona? Lakini msitegemee hilo pia. Mashine ya kesho itashona vifungo vizuri kuliko wewe."

"Kuliko mke wangu? Haiwezekani," seremala alisema. Kwa mara ya kwanza asubuhi ile, mkewe alitabasamu.

"Lakini sauti?" seremala aliuliza. "Mimi naijua sauti ya daktari. Mtu huyu ameniwekea kifaa kifuani mara ngapi!"

"Niruhusu nikuonyeshe. Ni dakika chache tu, kisha nitaifuta."

Alimpiga picha moja. Akamwomba aeleze jinsi anavyotengeneza meza, naye akarekodi maneno hayo. Aliandika kitu kwenye kompyuta. Wakasubiri. Kisha seremala akatokea kwenye kioo cha kompyuta, midomo ikicheza, akasema kwa sauti yake mwenyewe: "Mke wangu, kuanzia leo nitapika na kuosha vyombo mimi."

Fundi alicheka hadi akashika meza. "Hiyo ni ya uongo! Hata kama ningekuwa kipofu ningejua!"

Seremala hakucheka. Alikodoa macho. "Ile ni sauti yangu," alisema taratibu. "Lakini sikusema."

"Ndivyo walivyomfanyia daktari. Anahutubia watu, hurekodiwa. Picha yake na sauti yake ziko wazi, mtu yeyote anaweza kuzichukua."

"Sasa mtu afanyeje?" fundi aliuliza. "Walisema mwenye macho haambiwi tazama. Leo hata mwenye macho anadanganywa."

"Macho hayatoshi. Ulizeni maswali. Nani ameiweka video hii? Tazama, ukurasa huu una jina la daktari, lakini umefunguliwa wiki mbili zilizopita. Hauna kingine ila unga. Halafu jiulize, inataka nini kwangu? Hii inataka uache dawa, ununue unga, na utume kwa wengine haraka. Ukiona mtu anakuharakisha, wewe simama. Na la mwisho, nenda kwa mwenyewe. Usipige namba iliyo kwenye video. Tumia namba unayoijua, au nenda kwa miguu. Maandishi ni hivyo hivyo. Mashine inaandika vizuri kama mwalimu. Uzuri wa maneno si ushahidi."

Kisha akasimama, akawafungulia mlango. "Mengine tutaongea baadaye. Presha haisubiri."

Kituoni, muuguzi alimfunga seremala kile kitambaa cha kupimia presha mkononi. Alisoma namba. Akasoma tena. Mia moja na tisini kwa mia moja na kumi.

"Baba, kaa hapo. Usiinuke," alisema, akaenda kumwita daktari.

Daktari alikuja na miwani yake na kikohozi chake. Aliposikia habari ya video, alikaa kwenye benchi pamoja nao.

"Mimi sikusema maneno hayo," alisema. "Sina unga. Wala sijawahi kumwambia mgonjwa aache dawa ya presha ghafla. Ni hatari. Mshipa unaweza kupasuka kichwani. Dawa ikikusumbua, njoo tuzungumze, tutaibadilisha. Nashukuru sana mmekuja. Mgonjwa mwingine aliletwa jana amebebwa. Hatukujua amekosea wapi. Sasa najua."

Alimpa dawa, akamweka chini ya uangalizi hadi jioni. "Kesho endelea na kidonge kimoja kama kawaida," alimwonya. "Usimeze vinne kufidia siku zilizopita."

Namba ziliposhuka, fundi alipumua. Alishukuru kimya kimya, midomo ikitikisika. Lakini mumewe alikuwa amejiinamia.

"Kuna jambo," alisema. "Ile video niliituma. Kwa watu kumi na mmoja. Na Kaka yumo."

Kaka yake mkubwa alikuwa na presha kali kuliko yeye.

Hapo hapo seremala alipiga simu. Ya kaka yake haikupatikana. Akatuma ujumbe wa sauti kwenye kundi la maseremala: "Jamani, ni mimi. Ile video ya daktari ni ya uongo. Rudini kwenye dawa zenu."

Jibu la kwanza likaja: "Tutajuaje kama ni wewe? Labda wewe ndiye wa uongo."

Fundi alimtazama mumewe. "Wana haki," alisema. "Daktari amekuruhusu kutembea polepole. Tutakwenda wote, mlango kwa mlango."

Walianza kwa Kaka. Walimkuta amelala kwenye kochi, kitambaa chenye maji kwenye paji la uso. Alikuwa ameacha dawa tangu jana.

"Shikamoo, Kaka. Inuka, twende kituoni. Nilikutumia uongo."

"Marahaba. Uongo gani? Nimemwona daktari kwa macho yangu!"

"Na mimi nimetoka kukaa naye benchi moja sasa hivi. Hakusema. Nisamehe, Kaka. Nilituma bila kumuuliza."

Kaka alimtazama mdogo wake, vumbi la njia kwenye viatu, jasho usoni. Akanyoosha mkono ili ainuliwe.

"Kutuma ulitumia kidole kimoja," alisema. "Kurudisha umetumia miguu miwili. Ahsante, bwana mdogo. Na wewe shemeji, ahsante zaidi. Huyu bila wewe asingejua hata siku ya leo ni Ijumaa."

Jumapili jioni walikuwa wamewafikia wote kumi na mmoja. Mbali na Kaka, wawili walikuwa wameacha dawa. Wote wawili walirudi kituoni. Mama Picha aliripoti ule ukurasa. Daktari alibandika tangazo mlangoni, lenye namba ya kituo kwa herufi kubwa: "Ukiniona kwenye simu nikisema jambo jipya, niulize kwanza."

Mwezi uliofuata ndugu wawili walipimwa siku moja. Fundi alisimama kati yao, akahesabu pamoja na muuguzi. Mia moja na thelathini kwa themanini na mbili. Mia moja thelathini na nne kwa themanini na nne.

"Nani ameshinda?" Kaka aliuliza.

"Mimi," fundi alisema. "Nawarudisha wote nyumbani."