Bwana Harusi wa Kabatini

Vidole alipiga meza kwa kiganja, vikombe vikarukaruka. Mchumba wake, Mkalimani, akainua macho kutoka kwenye simu.

"Nikiongea niangalie!" Vidole akamwambia kwa mikono. "Au tayari unajua nitakachosema, kama juzi?"

"Jamani, bado tu?" Mkalimani naye akajibu kwa mikono. "Nimeomba radhi mpaka nimechoka."

"Umechoka wewe? Mimi je?"

Alikuwa na haki ya kufoka. Juzi, kwenye klabu ya viziwi wenzake, Vidole alisimulia kisa cha bwana harusi aliyepotea siku ya ndoa. Bibi harusi akamtafuta nyumba nzima, mwishowe akashika mlango wa kabati. Hapo Vidole akatuliza mkono hewani. Viziwi wakaacha hata kupepesa, maana huo ndio utamu wenyewe wa kisa cha mikono: mkono ukitulia, jicho linangoja. Sasa Mkalimani, aliyekuwa akiwatafsiria mama yake na dada zake kwa mdomo, akaona kimya kimezidi. Akawamalizia kisa! Wakaangua kicheko. Viziwi wote wakageuka kuona kuna nini, na Vidole akashuka jukwaani kwa hasira.

"Ulifanya hivyo kwa nini?"

Mkalimani akaiweka simu mezani. "Niliogopa mama atadhani umesahau."

"Ahaa! Kumbe ulinionea aibu."

Hakukataa, na hilo ndilo lililomuuma Vidole kuliko yote.

Jioni akamtumia ujumbe: "Jumamosi narudia kisa, tena nimekigeuza mwisho. Mlete mama. Ukifungua mdomo wakati mkono wangu umetulia, harusi hakuna. Sitaki kuzeeka na mtu wa kunisemea."

Akajibiwa: "Sawa, mpenzi. Ila mama unamjua."

Jumamosi, jukwaani, kisa cha Vidole kikafika kwenye mlango wa kabati. Mkono ukatulia.

Kule mbele akamwona mama mkwe akimvuta mwanawe shati. Mkalimani akatikisa kichwa, midomo kaifunga. Mama akamfinya. Jasho likamtoka mtoto wa watu, lakini kimya. Vidole akazidi kungoja.

Uzalendo ukamshinda mama. Tangu uchumba uanze hajawahi kumwambia Vidole neno ila kupitia kwa mwanawe. Leo akasimama, akamkazia macho mkwewe, akashika hewani mpini wa mlango wa kabati na kuuvuta kwa nguvu zote: fungua basi, mwanangu, unaniua!

Viziwi wakapiga miguu sakafuni kwa furaha. Vidole akafungua. Bwana harusi huyo ndani, amelala fofofo, shela la mkewe kichwani! Safari hii ukumbi mzima ukacheka pamoja, mama akishika mbavu.

Baadaye Mkalimani akamfuata nyuma ya jukwaa, akamkuta na mama.

"Sasa harusi vipi?"

"Ipo. Nenda nyumbani."

"Mama je?"

"Mwache. Tunaongea."