Viatu Vyeupe vya Glasha

Kila sikukuu ya Mwaka Mpya, Bibi Nonna aliwapeleka wajukuu wake kutazama baleti, dansi ya jukwaani ya kuruka na kuzunguka kwa ncha za vidole vya miguu, mjini Perm huko Urusi. Safari hii Glasha naye alikuwa anakwenda kwa mara ya kwanza, maana alikuwa ametimiza miaka mitano. Wiki nzima hakumpa mtu raha nyumbani. Alizunguka jikoni kwa ncha za vidole, akagonga meza, akaanguka, akacheka, akaanza tena. Wakati wa mapumziko watoto hucheza kuuzunguka mti mkubwa uliopambwa ukumbini, naye alitaka kucheza hapo akiwa amevaa viatu vyake vipya vyeupe.

"Tasya, weka viatu vyenu mfukoni," Bibi alimwambia mjukuu mkubwa asubuhi ile. "Hatuingii mle ndani na mabuti ya theluji kama wachunga farasi."

"Nimesikia, Bibi!" Tasya alijibu akiwa mbele ya kioo. Alikuwa na miaka kumi na mmoja, na utepe wa nywele ulikuwa umemshinda kabisa. Akaufunga, akaufungua. Bibi alipoita tena, alitupia viatu vyake mfukoni akakimbia. Vya Glasha vilibaki chini ya kiti.

Walikwenda kwa tramu, gari la reli la mjini. Kwenye chumba cha kuwekea makoti pale ukumbini watu walijaa tele, wazazi wameinama wakiwavua watoto mabuti. Tasya akafungua mfuko. Vilikuwamo vyake tu.

"Vya mdogo wako viko wapi?" Bibi akauliza.

Tasya angeweza kusema, "Nimesahau." Neno moja tu! Lakini watu walikuwa wanasikia, na Bibi hakuwa mtu wa mchezo.

"Glasha alikuwa anauchezea mfuko kwenye tramu," akasema. "Labda amevidondosha."

Glasha akaduwaa. "Mimi?"

"Si uliushika wewe?"

Mtoto akafikiri. Kweli, aliushika kidogo. Midomo ikaanza kumtetemeka. "Basi ni mimi," akasema. "Nisamehe, Bibi. Nimepoteza viatu alivyoninunulia Mama."

Lo! Tasya alitegemea mdogo wake angekataa, wabishane kidogo, mambo yaishe. Hili la Glasha kuomba msamaha hakulitegemea hata kidogo. Bibi alimfuta Glasha machozi, wakaenda kuketi, mtoto akiburuta mabuti yake mazito ya sufu.

Muziki ukaanza, pazia likafunguka, wachezaji wakaruka katikati ya theluji ya karatasi. Watoto wote wakasema, "Aaah!" Glasha alikuwa ameinamisha kichwa.

"Tazama basi, wanaruka!" Tasya akamnong'oneza.

"Siwezi, dada. Nafikiria viatu vyangu viko peke yao kwenye theluji."

Baleti ambayo Tasya aliingoja mwaka mzima ikawa chungu kama shubiri.

Mapumziko yalipofika, watoto walimiminika kwenye mti. Glasha akajificha nyuma ya nguzo. Bibi alimnunulia keki, lakini hakuila. Akamnyooshea dada yake. "Kula wewe. Wewe hukupoteza kitu."

Hapo Tasya akashindwa kuvumilia. "Bibi, si Glasha!" alisema kwa sauti hata watu wakageuka. "Ni mimi! Nilivisahau nyumbani, halafu nikadanganya."

Bibi akamgeuza amwelekee Glasha. "Mbona unaniambia mimi? Mwambie aliyebebeshwa kosa lako."

Tasya akapiga magoti, machozi yanamtiririka. "Hukupoteza kitu, Glasha. Nilikusingizia. Nisamehe, mdogo wangu."

Glasha akamkazia macho. "Kumbe haviko kwenye theluji?"

"Viko nyumbani."

"Na yule ndege wa kioo, pambo la mti wetu wa nyumbani, aliyevunjika? Naye si mimi?"

"Yule ulimvunja wewe. Ulimpiga kwa mto wa kulalia."

Glasha alimgeukia Bibi, na Bibi alipoitikia kwa kichwa ndipo akasadiki. Akavua mabuti, akaingia kwenye mchezo akiwa na soksi tu, akazunguka mpaka akaanguka.

"Umeona alivyonitazama mimi kwanza?" Bibi akamwambia Tasya. "Kusahau viatu ni jambo dogo. Ningekugombeza, tungesahau. Lakini mtoto mdogo anakuamini kuliko anavyojiamini mwenyewe. Ukimsingizia, anakubali, anaumia. Sasa itabidi umwambie kweli kila siku, hata kwenye vitu vidogo, mpaka akuamini tena."

"Nitafanya hivyo, Bibi," Tasya akasema, macho chini kwa aibu.

Kengele ikalia. Glasha akaja mbio, anahema. "Imekwisha?"

"Bado," Tasya akajibu. "Kuna sehemu ya pili."

Glasha akamtazama Bibi. Safari hii Bibi akanyamaza makusudi, akijifanya anatafuta miwani yake. Mtoto akafikiri kidogo, kisha akamnyooshea dada yake mkono.

"Haya, nipeleke."