Kitambaa cha Vumbi

Kila Jumamosi asubuhi nilimfutia vumbi shangazi yangu, fundi wa kompyuta, katika karakana yake. Nyumbani waliniita Kidole, maana nilikuwa siwezi kuona kitu nisikiguse.

Siku hiyo Shangazi alikuwa akiiwekea kompyuta yake prosesa mpya, ule ubongo wa kompyuta. Alitoa ile ya zamani, akaenda kunawa mikono. Mahali ilipokuwa imekaa palijaa pini nyembamba kama nywele. Mimi nikaona vumbi. Nikapitisha kitambaa, kikanasa, nikakivuta. Aliporudi, nilikuwa nafuta dirisha kwa bidii ya ajabu.

Shangazi alifunga prosesa mpya, akawasha. Skrini ikaonyesha nusu tu ya kumbukumbu.

"Makubwa haya! Nimeweka vipande viwili vya kumbukumbu, inasoma kimoja?"

Akavijaribu kimoja kimoja. Vyote vilikuwa vizima, lakini kila alichokiweka katika nafasi ya pili hakikusomeka.

"Basi ni prosesa," akasema, akiichomoa. "Mzee wa vipuri ameniuzia mbovu. Leo atanitambua!"

Mzee yule alikuwa na duka ng'ambo ya barabara, na ndiye aliyenipa bisibisi yangu ya kwanza. Shangazi naye hajui kusema polepole. Mtaa mzima ungesikia mzee wa watu akiitwa tapeli kwa kosa langu.

Nilimkimbilia, nikamshika gauni mlangoni. "Shangazi, usiende! Ni mimi. Nilifuta zile pini."

Alirudi mezani, akachukua kioo cha kukuzia. "Njoo uone kazi ya kidole chako."

Pini moja ilikuwa imelala, na kando yake uzi mwekundu wa kitambaa changu. Akainyoosha kwa ncha ya sindano, akinikataza hata kupumua. Aliporudisha prosesa na kuwasha tena, kumbukumbu yote ilionekana.

"Pini ndogo vile?" nikauliza.

"Prosesa huongea na kumbukumbu kupitia pini hizo. Moja ikilala, mawasiliano yanakatika."

Akanivuta kifuani, nami nikalia kwa aibu na faraja.

"Pini nimeinyoosha kwa sindano, mwanangu. Jina la yule mzee ningelichafua, ningelisafisha kwa kitu gani? Ukikosea, sema mapema, hata kama naogopesha."

"Unaogopesha sana, Shangazi."

Alicheka mpaka miwani ikamteleza, kisha akanirudishia kitambaa.

"Haya, kafute meza. Meza tu, Kidole!"