Tanzia ya Bi. Mwanahawa

Mjumbe wa nchi ya makaa ya mawe kwenye mkutano wa hali ya hewa alipofungua mlango wa chumba chake hotelini, alimkuta bibi mmoja wa Kirufiji ameketi ukingoni mwa kitanda, khanga kichwani, miguu ina tope mpaka magotini. Tope lile halikuchafua zulia. Bibi akamwuliza, kwa lugha ya kwao mjumbe, kama ameamka salama, maana yeye kwake maji yameingia hadi uvunguni. Mjumbe akajikuta anajibu.

Bibi hakuwa pale. Muda ule ule Bi. Mwanahawa mwenyewe alikuwa kijijini Kipoka, katika bonde la Rufiji, anamenya mihogo, wala hajui kama anaongea na mtu. Aliyeketi hotelini ni taswira yake ya mwanga, iliyorushwa na kioo cha ukutani, na aliyekuwa akisema ni Mnenaji.

Mnenaji ni mashine isiyo na mwili, inayokaa mtandaoni. Mtu aliyeiruhusu aliisomea maneno machache tu, basi, ikashika sauti yake na uso wake, ikamsemea popote penye simu, kioo au nguzo ya spika, kwa watu wengi kwa mpigo, kila mmoja kwa lugha yake. Wanaharakati wa Sauti ya Mabonde waliitengeneza ili watu wanaozama wasingoje kualikwa kwenye mikutano ya hali ya hewa. Fundi wao mkuu alikuwa Siwatu Ngwali, na Bi. Mwanahawa ni mama yake mkubwa.

Siku ya kura, Siwatu alikuwa ofisini Kurasini na mwenzake Meshaki, wanautazama ukumbi wa mkutano ukutani. Kura ilikuwa ya Ibara ya Mabonde. Ikipita, nchi zilizochafua hewa zingelazimika kupunguza moshi wao, na kuwahamishia watu wa mabondeni kwenye ardhi ya juu. Wajumbe walikuwa wanagombana mpaka wanagonga meza. Halafu ukumbi ukanyamaza. Wakasimama mmoja mmoja, vichwa chini.

"Kuna nini?" Siwatu aliuliza.

"Mama yako mkubwa amechukuliwa na maji," ikajibu Mnenaji kwa upole wake wa siku zote. "Ndivyo nilivyotangaza, kila penye spika. Ulinifundisha mwenyewe kwamba kwenu msiba ukitangazwa, ugomvi husimama."

Siwatu akapiga simu Kipoka. Ikaita, ikaita, ikapokelewa.

"Mama mkubwa? Shikamoo. Upo?"

"Marahaba. Sasa kama sipo, nani kapokea?" alisema Bi. Mwanahawa. "Maji yako barazani, lakini mimi nipo, na njaa yangu."

Siwatu akamweleza. Bi. Mwanahawa akacheka. "Nimekufa na nini? Nisije nikawa nimekufa kwa kuhara, nikaaibika." Kisha kicheko kikakatika. "Siwatu. Mama yako kasikia?"

Hapo ndipo hofu ilipomwingia hasa. Mama yake, Bi. Somoe, aliishi Kilindimo, upande wa pili wa bonde. Na kwao, mtu akisikia tanzia hapigi simu kuuliza kama ni kweli. Kuuliza ni kama kutafuta sababu ya kutokwenda. Unafunga kibwebwe, unachukua unga au sukari, unatoka. Simu unaiacha nyumbani, maana unayetaka kuongea naye ni mfiwa, na ndiko unakokwenda. Njia ya Kipoka ni moja, tuta la udongo lililokatiza bonde, na mto ulikuwa umeanza kulipanda.

"Kwa nini umewaita watu kwenye maji?" Siwatu aliiuliza mashine.

"Sikumwita mtu. Hukunifundisha habari ya njia."

Kwenye tuta zilisimikwa nguzo za tahadhari, zenye jicho, sikio na spika. Siwatu akafungua jicho la nguzo ya katikati. Akawaona. Kina mama wamejipanga mstari, wa mbele ni jirani yao Bi. Hadia, ndoo ya unga kichwani, na nyuma yake ni Bi. Somoe. Maji yalikuwa yanaramba kingo huku na huku. Nguzo ilikuwa inapiga kelele zake za siku zote, zilizorekodiwa, kwamba mto unapanda, watu warudi, nao wakaipita kama wanavyompita mbwa anayebweka uani kwa watu.

"Dada, ngoja kidogo," Meshaki alisema. "Mnenaji ina mdomo mmoja. Likitoka neno kwenye nguzo, limetoka na ukumbini. Tukikanusha sasa ibara imekufa. Kina mama wanayajua maji, watageuka."

"Mtu anayekwenda msibani hageuki, Meshaki."

"Ibara ni ya watu wa mabonde yote, dada."

"Na hao unaowaona hapo ni wa bonde gani?"

Siwatu akabonyeza kitufe cha kusemea, akasema kwa sauti yake mwenyewe. "Mama, rudini! Mama mkubwa yu hai, nimeongea naye sasa hivi. Rudini!"

Ukumbini mtu mmoja akacheka. Mjumbe wa nchi ya makaa akavua visikizio akavitupa mezani, na ugomvi ukaanza upya, mkali kuliko mwanzo. Siwatu hakuwa na macho ya huko. Kwenye tuta Bi. Somoe alikuwa amesimama, anaitazama nguzo.

"Huyo si mwanangu," alisema. "Siwatu angeanza na salamu. Nimefiwa na dada yangu, ndiyo anifokee hivi?"

"Shikamoo, mama. Ni mimi."

"Haya, mashine imejirekebisha," akasema Bi. Hadia. "Imekumbuka adabu. Ngoja, sasa hivi itatuambia na marehemu anatusalimia."

Na kweli Siwatu alikuwa ameshaishika ile simu ya Bi. Mwanahawa, anataka kuiweka kwenye spika. Akabaki nayo mkononi. Sauti yake, uso wake, machozi yake, kila alichokuwa nacho cha kumwonyesha mama yake, mashine ilikuwa nacho.

"Nimewasikia," Bi. Mwanahawa alisema simuni. "Niachie mimi."

Simu ikabaki wazi. Zikasikika hatua kwenye tope, na majina ya wanawake yakiitwa mlango kwa mlango. Kisha, kutoka ng'ambo, juu ya maji, vikaja vigelegele.

Kina mama kwenye tuta wakaganda. Havikutoka kwenye nguzo. Wanawake wa Kipoka walikuwa wamesimama ukingoni, wanavipiga kwa midomo yao, na nyumba yenye maiti haipigiwi vigelegele. Bi. Somoe akamshika mkono mwenzake wa nyuma, wakaanza kurudi taratibu, kisha mbio.

Bi. Hadia naye akageuka, ndoo kichwani. Pale alipouweka mguu wa kugeukia hapakuwa na udongo tena. Hakupiga kelele. Ndoo ndiyo iliyoonekana, ikizunguka, ikaenda.

Ibara ilianguka. Maiti ya Bi. Hadia ilipatikana kesho yake asubuhi, imenasa kwenye matete, na tanzia ikatangazwa. Siwatu alikuwa amekwishafika Kilindimo, ameketi chini na mama yake nyumbani kwa marehemu. Wakatandika mikeka ya kutosha mtaa mzima.

Mikeka ikakaa mitupu. Zilizokuja ni simu.

"Eti ni kweli?" watu waliuliza.

"Ni kweli," Bi. Somoe alijibu, akakata, akapokea nyingine.

Akapiga mtoto wa marehemu kutoka Mtwara. "Mama Siwatu, samahani, nionyesheni uso."

Bi. Somoe akafunua sanda, akaielekeza simu. Kijana alitazama kwa muda mrefu.

"Hata uso wanatengeneza," alisema. "Nifanyeje, mama? Nitajuaje?"

Bi. Somoe akamtazama Siwatu, akamfunika marehemu uso.

Maiti ya maji haingojeki. Jeneza lilitolewa adhuhuri. Kwa kawaida kule halimkai mtu begani, kila hatua linapokewa na wengine wanaoligombania. Siwatu alisimama mlangoni, anawatazama. Wale wale walioliinua ndio walioendelea nalo, mabega yamelegea, wakilishusha na kuliinua, mpaka migomba ikawafunika. Hakutokea wa kuwapokea.