Tarakimu Zilizozidi Kipimo

Asubuhi ile nyumba yao ya Kikula ilikuwa na amani. Mado alikuwa amemaliza maombi, mumewe Théophile anakunywa chai, na Évariste, mdogo wake Mado, anamchezesha mtoto wao Hadassa. Ndugu zangu, hakuna aliyejua yatakayowapata.

Saa nne walikuwa kwenye shimo lao la madini huko Kamatanda. Siku zote walivuta tope la madini nusu pipa. Siku hiyo Théophile akachoka na nusu. Kamba iliandikwa kwamba mzigo ukizidi kilo 140 inakatika, na pipa lilikuwa la lita 50. Basi akachota tope kwa kopo lenye alama tatu za msumari, moja kwa kila lita, akaliweka kwenye mizani ambayo Mado huuzia unga. Sindano ikatetemeka karibu na kilo nane. Akagawa kwa simu, nane kwa tatu.

"Lita moja iko na kilo 2,6666667! Mara 50, ni 133,33333. Pipa mzima, kamba itaibeba!"

Mado aliijua mizani yake. "Papa Hadassa, hii inasema nane tu, na lita ulipima kwa macho. Hizi sita zote zimetoka wapi?"

"Zimetoka mu calcul, mu hesabu. Weye uliishia masomo ya primaire."

"Basi sema tatu. Tatu mara hamsini ni mia na hamsini. Kamba haitaweza."

Évariste akacheka toka chini ya shimo. "Yaya Mado, acha muntu ya masomo afanye kazi! Beau, shemeji yangu, leo nijifiche tena?" Kila pipa lilipopanda, alizoea kuingia kwenye kishimo cha pembeni.

"Ya nini? Inabakia karibu kilo saba. Jaza!"

Mado akanyamaza. Kunyamaza kule kunamla hadi leo.

Pipa lilipanda mita tisa hivi. Kamba ikalia mara moja tu, ikakatika. Évariste hakuwahi hata kuliita jina la Yesu.

Baadaye wachimbaji wenzao walijaza pipa lingine tope lile lile, wakalipima kwenye mizani kubwa ya depo ya kununulia madini: kilo 146. Théophile akaketi chini, akamtazama mkewe.

"Mado, sema kitu."

"Kwa mama yangu," Mado akamjibu, "utaenda weye kusema habari ya Évariste."

FUNDISHO

Wapendwa, simu haijui kopo lako. Vipimo vyako vikiwa na tarakimu moja, jibu lako nalo libaki na tarakimu moja. Zinazozidi ni uongo, hata zikiandikwa na mashine, na mtu anaweza kusimama chini yake akiziamini. Na wewe unayeona kosa, usinyamaze kwa kuwa umeambiwa hukusoma. Mungu atatuuliza sote.