Kilichokuwa Ndani ya Tangi

Tulisimama Mafinga kununua viazi, jua likikaribia kuzama. Ulikuwa mwezi wa saba, mwaka wa hamsini na nane, na baridi ilikuwa imekwisha kuanza kuuma. Mume wangu, Halfani, alikuwa dereva wa Bwana Gulam, mwenye duka pale Iringa. Alikuwa amepeleka mzigo wa nguo Mbeya kwa pikapu ya tajiri wake, gari jipya la dizeli, nami nilifuatana naye ili mama yangu amwone mjukuu. Sasa tulikuwa tunarudi kwetu Mlandege, mtaa wa Iringa.

Mwanangu Mrisho alikuwa na miezi saba. Alianza kukohoa siku nne nyuma, tukiwa Mbeya. Asubuhi ile alikataa ziwa.

Yule mama muuza viazi alimtazama kifua kinavyopanda na kushuka. Akachomoa kiazi kimoja majivuni, akakifunga kitambaa, akakiweka miguuni pa mtoto.

"Kimpashe moto," alisema. "Hicho sitaki hela. Wahini hospitali, mama. Kifua hiki si cha kuchezea."

Sikujua jina lake. Namwombea mpaka leo.

Tukaondoka. Kutoka pale hadi Iringa, kwa barabara ile ya vumbi, ni mwendo wa saa mbili na kitu. Ukungu ulikuwa unateremka vilimani. Halfani alijaribu kunichekesha.

"Mama Mrisho, mbona kimya? Mama mkwe alikupa ujumbe wa kunitukana umeusahau?"

Nilitabasamu. Mtoto alikuwa akihema mapajani mwangu, na pumzi yake ilikuwa na harufu ya ajabu kidogo. Nilidhani ni shati la baba yake. Nguo za Halfani zilinuka dizeli siku zote.

Maili tano mbele, gari likapoteza nguvu. Likavuta, likasita, likatetemeka.

Likazima.

Halfani alishuka na tochi, akafungua boneti. Mimi nilikuwa nimemtazama mara nyingi akifanya kazi, basi nilielewa. Gari la dizeli likivuta upepo kwenye mirija ya mafuta, haliwaki mpaka upepo ule utolewe. Alilegeza boliti ya juu ya chujio, akawa anasukuma kwa kidole kile kipini kidogo cha pampu ya mkono. Chk, chk, chk. Povu likatoka. Akaendelea mpaka povu likaisha na mafuta yakatoka safi, bila kipovu hata kimoja. Akakaza boliti.

Likawaka mara moja.

"Gari hili kama Bwana Gulam," alisema akipanda. "Ukiliacha lipumue kidogo, linakubali."

Maili tatu mbele likazima tena.

Safari hii hakufanya mzaha. Alimwaga kikombe cha chujio kutazama kama mna maji. Hayakuwamo. Alipitisha vidole kwenye kila kiungio cha mrija, kutafuta panapovuja. Pote pakavu. Akatoa upepo tena, chk, chk, chk, gari likawaka tena, na betri ikalia kwa uchovu zaidi kuliko mwanzo.

"Sielewi," alisema. "Upepo unaingilia wapi?"

Mimi nilimtazama mtoto. Nilikuwa nimeona jambo lililonikata maini.

Gari lilipozima, mwanangu aliacha kuhema.

Si kabisa; zilibaki pumzi chache, za mbalimbali. Kifua kilibonyea chini ya mbavu, mdomo ukaachama, sauti isitoke. Injini ilipowaka, naye akavuta pumzi… hiiiih… kama mtu aliyeibuka majini. Nilijiambia ni woga wangu. Nikasubiri, mkono kifuani pake, nikihesabu pumzi.

Gari likazima mara ya tatu.

Mrisho akakakamaa mikononi mwangu.

"Baba Mrisho!" nilipiga kelele. "Mtoto! Mtoto!"

Nilimwinua, nikampiga mgongoni, nikampulizia usoni. Pumzi ikarudi, nyembamba kama uzi. Na sasa nilinusa vizuri. Halikuwa shati. Harufu ilikuwa mdomoni mwa mtoto. Mwanangu alikuwa ananuka dizeli kutoka ndani.

Hapo nikajua. Lakini kujua ni jambo moja, na kusema ni jingine.

Miezi minne kabla ya siku ile, madereva wawili walikuwa wamekufa kwenye barabara hii, nami nilikuwa silali Halfani akisafiri. Kila asubuhi alikuta nyayo za miguu mitupu zikilizunguka gari, akadhani ni wezi wa matairi. Hapana, nakosea, nyayo zilianza baadaye. Kwanza nilikwenda kwa mganga. Shangazi yangu, Bibi Mwanakhamisi, ndiye aliyenipeleka. Mganga aliniomba nywele za mtoto zilizonyolewa siku ya arobaini. Nilikuwa bado nazo, sijazizika kama inavyotakiwa. "Baba ataifuata damu yake, atarudi nyumbani daima," aliniambia. Akachanganya nywele na kitu kingine ambacho sikuuliza, akashona hirizi ya ngozi ndogo kama kidole gumba. "Iweke pale gari linapolia chakula."

Niliifunga kwa uzi ndani ya mdomo wa tangi, chini ya kifuniko. Halfani asijue. Halfani ni mtu wa sala, na uganga anauchukia kama sumu. Alipokuwa akijaza mafuta kule Mbeya, nilidhani ataiona. Hakuiona. Sasa nilijua kwa nini. Uzi ulikuwa umeoza kwa dizeli, na hirizi ilikuwa imetumbukia.

Siku nne nyuma, bila shaka, kikohozi kilipoanza.

Giza lilikuwa limeingia. Halfani aliinamia injini, tochi yake ikififia. Alikuwa analia, na hakutaka nijue.

Ndipo tuliposikia hatua.

Miguu mitupu. Taratibu. Kutoka nyuma, tulikotoka.

"Kamwene," ilisema sauti.

"Kamwene," alijibu Halfani. Ni salamu ya Wahehe. Kila mtu njia ile huijua.

Alikuwa mtu mrefu, amevaa ovaroli ya bluu, spana moja mkononi. Alinuka udongo, udongo mbichi uliochimbwa leo. Upepo ulikuwa unavuma dirishani kwangu, naye akasogea akasimama upande ule, akatukinga kwa mgongo wake. Niliona wema huo kabla sijaona jambo jingine lolote.

Halafu nikaona jambo jingine. Sisi tulikuwa tunatoa mvuke mdomoni kwa baridi. Mume wangu, mimi, hata mtoto.

Yeye hakutoa.

"Nimetoa upepo mara tatu, fundi," Halfani alisema. Hakuwa ameona kitu; mtu aliyekata tamaa haulizi msaada umetoka wapi. "Viungio vyote vizima. Maji hamna."

"Upepo si ugonjwa," alinong'ona yule mtu. "Upepo ni kilio tu. Linavuta hewa kwa kuwa limenyimwa mafuta."

Alienda kwenye tangi, akaligonga kwa spana.

Ko… ko… ko…

Akaweka sikio, akasikiliza. Akatingisha kichwa kukubali, kama mtu aliyejibiwa.

"Mna kitu humu. Injini ikivuta, kinakuja kuziba mdomo wa mrija. Injini ikifa, kinaachia, kinaelea. Mkitoa upepo mtakwenda maili tatu, halafu mbili. Halafu moja." Akanigeukia. Macho yake sikuyaona, ukungu ulikuwa umeyafunika. "Mama. Kitu gani?"

Halfani alinitazama.

Gari lilikuwa limezimika, na mtoto alikuwa anaishiwa. Midomo yake ilikuwa rangi ya majivu. Ningenyamaza, ningebaki mke mwema na mikono mitupu.

"Hirizi," nilisema. "Nimeiweka mimi. Ina nywele za Mrisho."

Nilingoja kofi. Nilingoja talaka. Halfani aliishusha tochi. Kisha akavua koti lake, akapitisha mikono dirishani, akatufunika mimi na mtoto.

"Itoe, fundi," alisema. "Nakuomba kwa jina la Mungu. Itoe."

Yule mtu akafungua kifuniko.

Mdomo wa tangi lile ni mwembamba. Ngumi ya mtoto haipiti. Aliingiza vidole. Kiganja kikafuata. Kiwiko kikafuata. Mkono ukazama, taratibu, bila kukwaruza chuma, mpaka bega likagusa bati.

Halfani akaanza kusoma dua, kwa sauti ya chini. Tochi ikamwanguka.

Ndani ya tangi kulisikika kitu kikikimbia. Kikigonga huku. Kikigonga kule.

Kikakamatwa.

Mkono ulitoka umelowa dizeli, na hirizi kiganjani. Aliipasua nyuzi kwa ukucha. Kwa mwanga wa ile tochi chini niliona kitambaa kidogo cha bluu. Alikiinua, akakiweka kifuani pake, palipokuwa na tundu kwenye mfuko wa ovaroli.

Kikaenea sawasawa. Upande kwa upande.

"Hiki changu," alinong'ona. "Nimelifuata gari hili tangu waliponikata. Kwa miguu. Mbeya na Iringa… Mbeya na Iringa… Nimechoka, mama."

Kumbe ndiye mlinzi niliyemnunua kwa mganga.

"Nisamehe," nilisema. "Sikujua."

Alijifuta mkono kwenye ovaroli, vizuri, kidole kwa kidole, kama fundi mwenye adabu kabla ya kushika kitu cha mtu. Ndipo akanipa donge dogo la nywele.

"Za mwanao. Zikaushe kifuani pako. Si kwenye moto." Akamwambia Halfani, "Toa upepo. Mara ya mwisho."

Chk, chk, chk. Povu. Povu. Mafuta safi. Betri ilikuwa karibu imekufa. Stata ilizunguka kwa kunung'unika, mara moja, mara mbili… Injini ikashika.

Mrisho akalia. Kilio kikubwa cha hasira. Sijapata kusikia sauti tamu kama ile.

"Panda, fundi, tukufikishe," Halfani alisema, na sauti yake haikuwa yake.

"Mimi nimefika."

Taa zikawaka. Barabarani hapakuwa na mtu. Kando yake palikuwa na tuta la udongo, na kichwani pake kimesimikwa kipini cha jeki kilichoota kutu.

Gari halikuzima tena. Tulipita Ifunda, tukafika Ipogolo, tukapanda mlima wa kuingia mjini bila kusita. Hospitalini walimchoma Mrisho sindano, wakasema ni kichomi, wakasema tungechelewa saa moja tusingekuwa naye. Nesi mmoja alinipa kiti chake mwenyewe, akasimama mpaka asubuhi.

Siku ya tatu Halfani alimpelekea gari Fanueli, fundi wa Mlandege, aoshe tangi. Fanueli alikuta nyuzi na vipande vya ngozi. "Mtu kadondosha takataka, inaziba mrija," alisema akicheka. "Jambo la kawaida. Mngesubiri tu, ingejiachia." Halfani akamwuliza kuhusu lile tuta. Fanueli akaacha kucheka.

"Hilo la Tadeo. Fundi mwenzangu. Alikuwa chini ya lori, jeki ikateleza. Mvua zilikuwa zimekata barabara, wakamzika palepale na ovaroli yake. Mwaka huu, kama miezi minne nyuma, tulikuta kaburi limefukuliwa. Hawakuchukua kitu. Wamekata kitambaa tu mfukoni."

Halfani hakunipa talaka. Alisema neno moja tu, usiku ule: "Siku nyingine niambie woga wako mimi." Tangu hapo namwambia. Lakini hili la mwisho sijamwambia.

Nilizikausha zile nywele kifuani, kama nilivyoagizwa. Zilipokauka nilikwenda mgombani nizizike, kama nilivyopaswa tangu siku ya arobaini. Nikafungua kwenye mwanga kitambaa nilichozifungia.

Nywele za mwanangu zilikuwa laini, nyepesi kama vumbi. Lakini hazikuwa peke yake. Katikati yake mlikuwa na nyingine. Nene. Ngumu. Nywele za mtu mzima, zina udongo.

Nimejaribu kuzitenganisha. Zimesokotana. Ukivuta moja, zinakuja zote.

Nikizizika, ninamzika mwanangu pamoja naye. Nikizitunza, yeye ninamtunza ndani ya nyumba yangu. Basi zimo sandukuni, chini ya kanga, na Mungu ananiona.

Mrisho sasa anatembea. Bado hajasema neno. Jana, jua likizama, nilikuwa napika. Nikamwona amechukua kijiko, amekwenda kwenye debe la maji lililo kwenye kona.

Akaligonga.

Ko… ko… ko…

Akaweka sikio. Akasikiliza, kimya, kwa muda mrefu.

Kisha akatingisha kichwa kukubali.